Klachi kwanza: kuandaa gari la kawaida la gia za mkono kwa resi ya kwanza ya dragi

Alikuja kijana gereji kwangu hapa Nyakato, Mwanza, na Corolla 110, injini ya 5A, gia tano za mkono, rangi ya kiwandani bado inang'aa. "Shikamoo fundi. Nataka nikaingie dragi. Nina laki nne, nifunge nini?" Dragi ni resi ya kukimbia moja kwa moja kwenye njia iliyonyooka, mita 402 basi. Orodha alikuwa nayo tayari kwenye simu: filta ya wazi, bomba kubwa la moshi, plagi za bei mbaya. Nikamwambia, mwanangu, zima gari, kaa kwenye benchi hapo.

Nilichomwambia ndicho ninachowaambia wote wanaokwenda mara ya kwanza. Usiongeze nguvu hata punje moja. Nguvu iliyopo hujaijua bado, na nyingi inapotelea njiani kati ya injini na lami. Laki nne yako iende kwenye klachi, raba zinazoishikilia injini, breki na tairi. Bomba la moshi litakupa kelele.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi watu wa Mwanza. Ziwa Victoria lenyewe lipo kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, maana yake hata ukisimama na gari pale mwaloni Kirumba, tayari upo zaidi ya kilomita moja juu. Hewa huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, inavuta ile ile iliyopo. Farasi 100 walioandikwa kwenye kitabu cha 5A, huku hawafiki 90. Huwezi kuwarudisha kwa filta ya wazi. Ukiifunga ndani ya boneti inavuta hewa ya moto ya injini, ambayo ni nyepesi zaidi, na vumbi la barabara zetu za milimani linaingia nalo. Acha boksi la filta la kiwandani, weka filta mpya, basi. Kama ratiba inakuruhusu kuchagua, kimbia asubuhi. Tofauti ya nyuzi kumi za joto ni kama asilimia tatu ya hewa, na hiyo unaipata bure.

Sasa klachi. Gari lililoishi Mwanza limepanda milima. Fikiria anayepanda mlima wa Bugando kila siku: foleni imesimama, yeye hashiki breki ya mkono, analishikilia gari kwa klachi nusu na mafuta kidogo. Kwa miaka mitatu. Kwenye mizunguko ya mjini hutagundua kitu, gari linakwenda vizuri tu, lakini siku ya kuondoka kwa nguvu ndiyo siku klachi itakapokusaliti.

Kipimo ni rahisi. Tafuta sehemu tambarare isiyo na magari, ingia gia ya nne ukiwa kilomita 50 kwa saa, kisha kanyaga mafuta mpaka chini. Mshale wa mizunguko ya injini upande polepole, sambamba na mwendo. Ukiona mshale umeruka na mwendo umebaki pale pale, klachi inateleza. Corolla ya yule kijana ilikuwa kama 1,900, nilipokanyaga ikaruka mpaka 3,000 na gari halijaongeza hata kilomita tano. Yeye alikuwa amekaa pembeni yangu, akanyamaza.

Tulipoteremsha gia boksi nikamwita aone kwa macho yake. Plate ya klachi imelika mpaka vichwa vya ribiti vinagusa. Juu ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo plate inalibana, kulikuwa na madoa ya bluu, yamejipanga kwenye duara kama alama za vidole: pale chuma kiliungua. Pembeni kidogo, mstari mweusi wa oili unashuka kutoka kwenye sili ya nyuma ya kranki. Hapo usifanye ubahili. Sili ni bei ndogo, lakini kuifikia ni lazima gia boksi ishuke, na ukiiacha italowesha plate mpya. Tulibadilisha sili, plate, presha plate na beringi yake, flaiwili ikaenda mashine ya leti ikachongwa.

Halafu nikamwambia aondoke, asirudi mpaka atembee kilomita 800 za kawaida. Hakupenda. Lakini mimi jambo hili nimelilipia. Resi yangu ya kwanza nilifunga plate ya bei rahisi niliyouziwa dukani kwa maneno matamu, nikaifunga Ijumaa, Jumapili nikaingia mstarini. Kuondoka mara mbili tu, harufu kali ya kuungua ikajaa ndani ya gari, mara ya tatu nikaachia pedali na gari halikusogea. Nilirudi Mwanza nimevutwa na pikapu kwa kamba. Plate ilikuwa mbovu, ndiyo, ila hata plate nzuri kabisa haijakaa sawasawa na flaiwili mpaka izungushwe mjini, gia juu gia chini, bila kuunguzwa. Kwa hiyo klachi haifanywi wiki ya resi. Ianze mwezi mmoja kabla.

Ukiwa chini ya gari, shika injini uitikise. Raba za injini zikiwa zimepasuka, injini inaruka unapoachia klachi, na mtikiso unafika mpaka kwenye rungu la gia. Watu wengi wanadhani madhara yake ni mtetemo tu. Hesabu hii hapa: upo gia ya tatu, mizunguko 6,000, unataka ya nne, rungu limeyumba, umeingiza ya pili. Ya tatu ya boksi lile ni 1.310, ya pili ni 1.904. Ukiachia klachi, tairi zinailazimisha injini kuzunguka zaidi ya 8,700. Kompyuta inaweza kukata mafuta, lakini haiwezi kuzizuia tairi zisiisukume injini. Resi imeisha hapo, pengine na injini. Angalia na sivijointi, vile viungo vinavyopeleka nguvu kwenye tairi za mbele, kwa tochi: raba yake ikiwa imechanika na grisi imerukia rimu, badilisha. Na usiondoke usukani ukiwa umekata kona, hapo ndipo jointi ya nje inapovunjika.

Themostati, ile vali inayozuia maji yasipoze injini kabla haijapata joto. Najua mafundi wenzangu wengi huitoa na kuitupa, wakisema huku ni joto. Irudishe. Injini isiyofika joto lake inaendelea kumwagiwa petroli ya ziada kama vile ndiyo kwanza imewashwa asubuhi, na hapo unapoteza nguvu uliyokuwa unaitafuta kwa plagi za bei mbaya. Gari likichemka tatizo ni rejeta, feni au maji, tibu hilo.

Mafuta ya breki mwaga yote, weka mapya, DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema. Yanavuta unyevu, na sisi tunaishi kando ya ziwa. DOT 3 mapya yanachemka nyuzi 205, yakishalewa maji yanashuka hadi 140. Mwisho wa mita 402 Corolla inakuwa imepita kilomita 110 kwa saa, na lazima isimame. Betri ifungwe isicheze. Pedali ya mafuta irudi yenyewe ukiiachia. Nati za tairi zikazwe kwa spana ya kipimo, kwa mpangilio wa msalaba, siyo kwa kurukia spana kwa mguu.

Uzito nao. Lile Corolla lilikuwa likibeba samaki. Tulipotoa zulia la buti tukakuta maji yamelala kwenye shimo la spea, harufu ya sangara, na bati limeanza kuliwa na kutu. Tulitoa kilo nyingi za vitu alivyokuwa amevisahau. Spea na jeki beba mpaka uwanjani, uviteremshe huko. Tenki liwe robo: kutoka tenki la lita 50 lililojaa hadi robo unapunguza karibu kilo 28. Usishuke zaidi ya hapo, petroli ikikimbilia nyuma wakati wa kuondoka pampu inaweza kuvuta hewa.

Mazoezi tulifanya Jumapili ndani ya uwanja wa kiwanda cha kuchambua pamba, mwenyewe alituruhusu na geti lilifungwa. Barabara ya Musoma usiku usiithubutu. Igoma mpaka Kisesa kuna bodaboda, kuna watu wanaovuka, kuna ng'ombe, na mimi nimeshaokota vyuma vya gari la rafiki yangu kando ya barabara, sitaki kurudia.

Tulichora mstari kwa chokaa, tukapima mita 18, rafiki wa kijana akarekodi kwa simu. Mita 18 hizo ndizo zenye resi nzima: sehemu ya kumi ya sekunde unayookoa hapo, mwishoni inakuwa zaidi ya hiyo. Mara ya kwanza kijana alipandisha mizunguko 4,000 akaachia pedali ghafla. Tairi zikalia, moshi mweupe, sekunde 3.1. Mara ya pili akaogopa, 1,500, injini ikakabwa ikataka kuzima. Nikaingia mimi kumwonyesha mguu. Unashikilia 2,800 hivi, unainua pedali mpaka unapohisi pua ya gari inanyanyuka kidogo, hapo mguu unasimama, haurudi wala hauendi, kwa kitambo cha kusema "moja". Klachi inateleza kwa makusudi, gari limeshashika mwendo, ndipo unamalizia kuachia na mafuta yanakwenda chini. Mara ya sita akapata 2.6. Kati ya kila jaribio tulipumzisha klachi dakika kumi, boneti wazi.

Upepo wa tairi: gari linavuta kwa mbele, na likiondoka uzito unakimbilia nyuma. Mbele tulishusha hadi psi 26, nyuma tukapandisha hadi 38. Ukikuta watu wanamwaga maji na kuchoma tairi kabla ya mstari, wewe mwenye tairi za kawaida yazunguke maji yale. Yanaingia kwenye michirizi ya tairi na kukufuata mpaka mstarini.

Kubadili gia, vumilia. Gia ya kwanza ni 3.545, ya pili 1.904, pengo ni kubwa. Ukibadili kwenye 4,500 injini inaangukia 2,400, imekufa. Ukivuta mpaka 6,000 inaangukia 3,200 na inaendelea kupanda.

Pakiwa na taa za kuanzishia, kuna miali miwili ya mwanga mstarini: wa kwanza unakuambia umekaribia, wa pili umefika. Sogea polepole mno. Njano tatu zinashuka kwa nusu sekunde kila moja, na wewe ondoka kwenye njano ya mwisho, usisubiri kijani, kwa sababu mguu na klachi vinachelewa. Saa ya gari inaanza gari linapotoka kwenye mwali, kwa hiyo unaweza kuwa na muda mzuri kuliko mwenzako na bado akakutangulia kufika kwa sababu ulilala kwenye taa.

Kijana wangu amepangiwa Jumamosi. Corolla lipo nje hapa, tairi zimejazwa 32 kwa ajili ya safari, na pampu ya mguu ipo kwenye buti pamoja na spea.