Je, wajua kwa nini programu ya mafaili hujifunga ghafla, na nani hasa wa kulaumiwa?

Unafungua folda, orodha ya mafaili inatokea nusu, kisha dirisha linatoweka. Kwenye Windows mambo huwa makubwa zaidi: upau wa chini wenye saa na kitufe cha Start nao unapotea, ikoni za eneo-kazi zinafutika, skrini inabaki na picha ya nyuma tu. Baada ya sekunde chache kila kitu kinarudi, isipokuwa folda uliyokuwa umeifungua. Unajaribu tena, yanajirudia yale yale. Cha ajabu ni kwamba programu nzito za kuhariri video na michezo mikubwa zinaendelea bila shida yoyote. Inakuwaje basi programu ambayo kazi yake ni kuonyesha majina ya mafaili ndiyo inayoanguka?

Kwanza, haionyeshi majina tu. Ukifungua folda yenye picha, nyimbo na video, File Explorer ya Windows huanza kazi ambazo hukuiomba. Kwa kila faili inatafuta ikoni inayofaa. Inauliza kama kuna alama ndogo ya kubandika juu ya ikoni hiyo, mfano wa ile tiki ya kijani inayosema faili limeshapakiwa kwenye hifadhi ya mtandaoni. Inachungulia picha na video ili zitengenezewe vijipicha, yaani picha ndogo zinazoonyesha kilichomo. Inasoma ndani ya wimbo ijue msanii ni nani, na ndani ya picha ijue ilipigwa tarehe gani. Upande wa kushoto inakagua diski zote, flashi zilizochomekwa, folda za mtandao na mafaili uliyoyatumia karibuni. Programu za mafaili za Linux, yaani Nautilus ya GNOME, Dolphin ya KDE na Thunar ya Xfce, pamoja na Finder ya Mac, hufanya hayohayo, kila moja kwa namna yake. Ni programu chache sana kwenye kompyuta zinazogusa karibu kila aina ya faili ulilonalo, mazima kwa mabovu, kabla hujabofya lolote.

Pili, haifanyi kazi hiyo peke yake. Haiwezi kujua aina zote za mafaili duniani, hivyo huruhusu programu nyingine zijibandike ndani yake. Ukisakinisha programu ya kubana mafaili, menyu ya kitufe cha kulia inapata mstari mpya wa kubana na kufungua. Ukiweka kinga ya virusi, unaongezeka mstari wa kukagua. Dereva ya kadi ya picha, kisoma PDF, hifadhi ya mtandaoni, kila moja huacha kijisehemu chake. Vijisehemu hivi huitwa viendelezi, na kwenye Windows vingi ni maktaba za DLL, yaani vipande vya msimbo vya kutumiwa na programu nyingine, zinazopakiwa moja kwa moja ndani ya mchakato (programu ikiwa inaendeshwa) wa explorer.exe, ambayo ndiyo File Explorer yenyewe.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Vyote vilivyomo ndani ya mchakato mmoja vinatumia kumbukumbu moja, bila ukuta kati yao. Kiendelezi kikiandika mahali kisipopaswa, mfumo wa uendeshaji hautofautishi mwenyeji na mgeni. Unachoona ni kwamba explorer.exe imevunja sheria, basi inazimwa explorer.exe nzima. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mpangilio huu ulikuja na Windows 95, mwaka 1995, Microsoft ilipoiweka kando File Manager ya zamani na kuleta Explorer. Windows 95 iliweza kuwekwa kwenye kompyuta yenye RAM ya megabaiti 4 tu, na kwenye mashine ya namna hiyo kupakia kiendelezi ndani ya mchakato uliopo ni nafuu mno kuliko kuanzisha mchakato mpya kwa ajili yake. Explorer hiyohiyo ikapewa na kazi ya kuchora upau wa kazi na eneo-kazi. Mpaka leo ndivyo ilivyo, na ndiyo maana folda moja ikiiangusha, saa na kitufe cha Start vinakwenda nayo. Kwenye Folder Options, dirisha la mipangilio ya folda, kichupo cha View, kuna chaguo la “Launch folder windows in a separate process” linalotenga madirisha ya folda na upau wa kazi. Haliponyi ugonjwa, ila anguko moja halizoi kila kitu.

Kuta zimejengwa baadaye, kidogo kidogo. Vijipicha vingi vya Windows sasa hutengenezwa kwenye mchakato wa pembeni, na kidirisha cha hakikisho (Preview pane) kina mchakato wake, prevhost.exe. Apple ilipofungua mlango wa viendelezi vya Finder kwenye OS X Yosemite, mwaka 2014, iliviweka nje ya Finder tangu mwanzo. Lakini kwenye Windows, viendelezi vya menyu ya kulia vya mtindo wa zamani na vile vya alama za juu ya ikoni bado hukaa ndani ya Explorer yenyewe. Hivi vya alama vina kichekesho chake: Windows ina nafasi 15 tu za alama hizo, nyingine inazichukua yenyewe, na programu za hifadhi ya mtandaoni huzigombania kiasi kwamba huanza majina yao kwenye rejista, hazina ya mipangilio ya Windows, kwa nafasi tupu ili zipangwe mbele ya wenzao.

Sasa, mshukiwa anapatikanaje? Kabla ya kugusa chochote, tazama anguko linatokea lini. Watu hulipuuza hili, nami naliona lina thamani kuliko kifaa chochote cha uchunguzi. Likitokea unapobofya kitufe cha kulia, karibu kwa hakika ni kiendelezi cha menyu. Kwenye Windows 11 menyu ndefu ya zamani imefichwa nyuma ya “Show more options”. Programu ikianguka hapo tu na si kwenye menyu fupi, umeshapunguza orodha ya washukiwa. Likitokea kwenye folda moja na si nyingine, tafuta faili bovu ndani ya folda hiyo. Likitokea mara tu dirisha linapofunguka, kabla hujachagua folda, tazama orodha ya mafaili ya karibuni. Na kama dirisha halijifungi bali linaganda kwa muda kisha linazinduka, hilo ni jambo jingine kabisa: kuna kitu kinachosubiriwa. Mara nyingi ni folda ya mtandao iliyounganishwa na seva ambayo haipo tena. Andika net use kwenye Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, uone miunganisho iliyobaki, uikate isiyotumika.

Windows nayo huweka rekodi ya maanguko. Fungua Event Viewer, ingia Windows Logs, kisha Application, utafute tukio namba 1000 linalotaja explorer.exe. Ndani yake kuna mstari wa “Faulting module name”, yaani kipande kilichokuwa kikiendeshwa wakati wa anguko. Anayeona Event Viewer inachosha aandike perfmon /rel kwenye kisanduku cha Run. Itafunguka Reliability Monitor, inayopanga maanguko kwa siku na kuonyesha pia programu zilizosakinishwa siku hizo. Ukikuta maanguko yameanza siku moja baada ya kusakinisha kitu fulani, hapo panatosha kuanzia. Na jina la DLL likiwa la programu unayoijua, isasishe au iondoe, kazi imekwisha.

Upo mtego mmoja. Mara nyingi moduli inayotajwa ni ntdll.dll, na watu hukimbilia kuipakua upya kwenye tovuti za ajabuajabu. Usifanye hivyo. Hicho ni kipande cha Windows chenyewe, na miongoni mwa kazi zake ni kugawa kumbukumbu, kwa hiyo mara nyingi ndicho kinachogundua uharibifu, si kilichoufanya. Msimbo 0xc0000374 unasema lundo la kumbukumbu limeharibika: kiendelezi fulani kiliandika hovyo, kikaendelea na shughuli zake salama, na uharibifu ukaja kuonekana baadaye mwingine alipotaka kutumia sehemu ileile. Msimbo 0xc0000005, ulio maarufu zaidi, husema tu kwamba imeguswa kumbukumbu isiyoruhusiwa. Yote mawili hayakutajii mkosaji.

Rekodi ikikosa kumtaja, zima viendelezi kwa makundi. ShellExView, programu ya bure ya Nir Sofer, huviorodhesha vyote na inaweza kuvificha vya Microsoft ili ubaki na vya wengine. Zima nusu ya vilivyobaki, anzisha upya Windows Explorer kutoka Task Manager, kisha rudia lile tendo lililokuwa likiiangusha. Ikitulia, mkosaji yumo katika nusu uliyoizima. Isipotulia, yumo katika nusu nyingine. Gawa tena. Kwa viendelezi 32 majaribio 5 yanatosha, ilimradi mkosaji ni mmoja. Kuvizima kimoja kimoja ni kujitesa.

Kuhusu faili bovu, historia ina visa vya kutisha kidogo. Watumiaji wa Windows XP watakumbuka video za AVI zilizopakuliwa nusunusu: Explorer ilikuwa ikijaribu kusoma taarifa zake, inakwama au kuanguka, na faili lenyewe likawa halifutiki kwa sababu Explorer bado imelishikilia. Mwaka 2010 iligundulika kwamba programu haribifu iitwayo Stuxnet ilitumia kasoro katika namna Windows inavyoonyesha ikoni za mafaili ya njia ya mkato, yale ya .lnk. Kuifungua folda yenye faili hilo na kuitazama tu kulitosha kuiingiza kwenye kompyuta. Kwa hiyo folda moja ikiangusha programu kila mara, hasa ikiwa kwenye flashi ya mtu mwingine, hakikisha masasisho ya mfumo yamewekwa kabla ya kuendelea kuichezea.

Kulipata faili lenyewe si kazi. Kwenye Folder Options weka alama kwenye “Always show icons, never thumbnails”. Kama Explorer haifunguki hata kidogo, control folders kwenye kisanduku cha Run italeta mipangilio hiyohiyo. Folda ikifunguka salama baada ya hapo, tatizo liko kwenye vijipicha. Isipofunguka, hamisha nusu ya mafaili kwenda folda nyingine kwa kutumia Command Prompt, ambayo husoma majina tu na haijali kilichomo ndani, uone anguko linabaki upande gani. Orodha ya mafaili ya karibuni nayo inasafishwa palepale kwenye kichupo cha General, kwa kitufe cha Clear.

Kwenye Linux uchunguzi ni mwepesi zaidi, kwa maoni yangu, kwa sababu programu yenyewe inasema kinachoisumbua ukikubali kuisikiliza. Ifunge kabisa kwa nautilus -q au thunar -q, kisha iwashe kutoka kwenye terminali na kuifanyia kile kinachoiangusha. Mistari ya mwisho kabla ya “Segmentation fault” mara nyingi hutaja kiendelezi au faili. Mifumo yenye systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, huwa na journalctl, amri ya kusoma rekodi za matukio, na mingi ina coredumpctl, inayoorodhesha programu zilizoanguka. Vijipicha hukaa kwenye ~/.cache/thumbnails, kuvifuta hakuna hasara, vitatengenezwa upya. Kisha fungua akaunti mpya ya mtumiaji na ujaribu humo. Ikifanya kazi vizuri, mfumo hauna kosa, kosa liko kwenye mipangilio yako, kwa mfano ~/.config/Thunar kwa wanaotumia Thunar. Ibadilishe jina folda hiyo badala ya kuifuta, usije ukapoteza mipangilio uliyoitaka.

Mac haina mengi. Command, Option na Esc kwa pamoja hukuwezesha kuianzisha upya Finder, na faili la mapendeleo, com.apple.finder.plist ndani ya Library ya mtumiaji, likihamishwa kutoka Preferences hutengenezwa jipya.

Sijataja sfc /scannow, ushauri ambao kila mahali hutolewa kwanza. Amri hiyo hukagua mafaili ya Windows yenyewe na kurudisha yaliyoharibika. Haigusi kabisa kiendelezi cha kampuni nyingine, na hao ndio wakosaji wa kawaida. Iendeshe, haina madhara, ila usishangae ikikwambia hakuna kosa huku Explorer ikiendelea kuanguka. Programu za kusafisha rejista ningeziacha kabisa, na kusakinisha Windows upya ni kumfukuza mgeni na kumkaribisha tena siku utakaporudisha programu zako zilezile.

Kuna hali moja tu ambapo mashaka yahame kutoka kwa wageni: rekodi inapotaja moduli tofauti kila mara, na programu nyingine nazo zinaanguka. Hapo ijaribu RAM kwa Windows Memory Diagnostic, au MemTest86 usiku kucha. Na ikiwa kufungua folda huambatana na diski kunguruma au kutoa mlio wa kugonga, au Event Viewer inaandika makosa ya disk, usianze na chkdsk, amri ya kukagua na kurekebisha diski, kwa kuwa itaifanyisha kazi nzito diski inayokufa. Nakili mafaili yako kwanza kwenda diski nyingine, ukianza na yale usiyoweza kuyapata tena popote.