Moramu haiondoi maji: kwa wanaotaka kiwanja cha ndege kwenye shamba la bondeni

Kila mwenye shamba la bondeni anayenijia akitaka njia ya kurukia ndege, na pengine bwawa la ndege za kutua majini, awe wa Mingoyo au wa upande wa Kilwa huku kusini mwa Tanzania, ana neno lilelile: "Injinia, tutamwaga moramu mpaka pakae." Hapatakaa kwa changarawe hiyo. Inaniuma kuona tipa zikimwaga fedha za watu kwenye tope.

Mfinyanzi uliolowa hauna nguvu ya kubeba. Ukimwaga moramu juu yake, mawe yanazama, tope linapanda katikati yake, na rola ikipita ardhi inabonyea na kuinuka kama godoro. Unaongeza tripu nyingine, nayo inazama. Kinachodhoofisha pale ni maji, na maji hayatoki kwa kubebeshwa mzigo. Yanatoka kwa mtaro.

Kwa hiyo chimba mitaro kwanza, wakati wa kiangazi, uiache ipitiwe na msimu mzima wa mvua kabla hujaita greda. Huku kusini mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na miezi ya ukavu inadanganya sana. Agosti jembe linadunda juu ya mfinyanzi, mwenye shamba anafurahi na kuanza kupima njia kwa hatua. Chimba palepale shimo la mita moja na nusu, lizungushie uzio mtoto asitumbukie, kisha lichungulie Machi. Ukikuta maji yamesimama sentimita 30 tu kutoka juu, jibu unalo kabla hujakwenda maabara.

Maji yakishapata pa kwenda, ndipo moramu inafanya kazi. Tandika kitambaa cha kutenganisha udongo, kisha weka tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila moja ishindiliwe ikiwa na unyevu unaofaa. Njia iwe na mgongo: kwa mteremko wa asilimia 2, njia yenye upana wa mita 18 inainuka katikati sentimita 18 kuliko kingo zake.

Wengine husema: "Basi udongo unaochimbwa bwawani tujengee njia." Huo ni mfinyanzi uleule uliojaa maji. Ukikaushwa unafaa kwa tuta la bwawa, si chini ya magurudumu.

Bwawa la ndege za kutua majini nalo watu hulipima Aprili, limejaa hadi pomoni. Lipime Oktoba, baada ya jua na upepo wa kusi kulinywa. Wengine hudhani kwenye maji ndege huruka upesi kwa sababu maji ni laini. Kinyume chake, maji huyashika maboya ambayo ndege huelea juu yake, na ndege huhitaji nafasi ndefu kuliko ikiwa na magurudumu. Likijaa kabisa, uso wa bwawa ubaki chini kuliko kitako cha njia, la sivyo utakuwa unailowesha njia yako mwenyewe. Matete yafyekwe mara kwa mara, maana ndege wa majini wakizoea pale ni hatari kwa rubani.

La mwisho ni "shamba ni langu." Ni lako, lakini kiwanja kinaihusu Mamlaka ya Usafiri wa Anga, tathmini ya mazingira inaihusu NEMC, baraza la taifa la mazingira, na maji yanaihusu Bodi ya Maji Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini. Mimi huwashauri wateja waanzie kwenye hiyo Bodi ya Bonde, kwa sababu wakikataliwa kuchepusha maji, michoro yote inabadilika.