Noble Johnson na Filamu Zilizotoweka

Watu wengi walioitazama King Kong ya mwaka 1933 wanamkumbuka chifu wa kisiwa, mtu mrefu aliyevaa manyoya kichwani, lakini ni wachache wanaolijua jina la aliyeigiza nafasi hiyo. Ni Noble Johnson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Missouri mwaka 1881 na kukulia Colorado Springs, ambaye wakati huo alikuwa na uzoefu wa zaidi ya miaka 15 mbele ya kamera. Sisi tunaoshughulika na hifadhi ya filamu tuna sababu ya kumzungumzia, kwa kuwa kazi yake inaonyesha jinsi kupotea kwa filamu kunavyoweza kuipotosha picha ya maisha ya msanii.

Johnson alikuwa mwigizaji wa nafasi za pembeni, yaani yule anayeonekana kwa dakika chache akampa mhusika mkuu mtu wa kupambana naye, kumtumikia au kumwogopa. Enzi ya filamu bubu ilimfaa sana: alikuwa na kimo, alijua kupanda farasi, na rangi yake ya maji ya kunde, ikipigwa picha kwa filamu nyeusi na nyeupe, iliziwezesha studio kumgeuza mtu wa taifa lolote. Katika The Thief of Bagdad ya mwaka 1924 ni mwanamfalme wa Kihindi anayemposa binti wa khalifa. Kwingineko ni Mwarabu, shujaa wa makabila ya asili ya Marekani au mtumwa.

Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, waigizaji wengi walikosa kazi, lakini yeye aliendelea, ingawa inasikitisha kuona ni mara chache kiasi gani aliruhusiwa kusema. Katika The Most Dangerous Game ya mwaka 1932 alipakwa vipodozi vya kumfanya Mzungu ili awe Ivan, mtumishi wa Kirusi, na mtumishi huyo ni bubu. Mwaka huohuo, katika The Mummy, alikuwa mtumishi Mnubi ambaye kazi yake ni kutii.

Mtu akizitazama filamu hizo peke yake ataamini kwamba Johnson hakuwahi kupewa zaidi ya hapo, na atakuwa amekosea. Mwaka 1916 yeye na ndugu yake George, mfanyakazi wa posta mjini Omaha, walishiriki kuanzisha Lincoln Motion Picture Company, kampuni ya watu weusi iliyotengeneza filamu kwa ajili ya watazamaji weusi, na Noble akawa rais wake na mwigizaji wake mkuu. Katika filamu yao ya kwanza alikuwa kijana mhandisi, mhitimu wa Tuskegee, chuo cha watu weusi huko Alabama, anayekwenda kutafuta riziki kwenye visima vya mafuta. Katika ya pili alikuwa askari wa kikosi cha wapandafarasi weusi. Mwaka 1918 alijiuzulu, na watafiti wengi wanaeleza kuwa studio ya Universal, iliyokuwa ikimlipa mshahara, haikupenda jina lake livute watazamaji kwingine.

Filamu hizo mbili hazipo tena. Mkanda wa nitrati uliotumika wakati ule huwaka kwa urahisi na huoza usipotunzwa, na utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kuwa takriban asilimia 70 ya filamu ndefu za Marekani za enzi ya filamu bubu zimepotea kabisa. Studio kubwa zilikuwa na maghala na sababu za kibiashara za kutunza baadhi ya mikanda yao. Kampuni ndogo kama Lincoln, iliyofungwa mapema miaka ya 1920, haikuwa na uwezo huo. Hivyo watumishi na machifu wa Johnson wamesalia, na mhandisi wake hayupo.

Aliendelea kuigiza hadi mwaka 1950, baada ya kuonekana kama Red Shirt katika She Wore a Yellow Ribbon ya John Ford, na akafariki mwaka 1978 akiwa na umri wa miaka 96. Tunachokijua kuhusu filamu za Lincoln kinatokana kwa sehemu kubwa na barua, matangazo na vipande vya magazeti ambavyo George alivikusanya kwa miaka mingi, na ambavyo leo vinatunzwa katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles.