Je, wajua kwa nini harufu ya mkojo wa paka hurudi sakafuni mvua zikianza?

Mwezi wa tisa hapa Dodoma unaweza kukaa kwenye sebule yenye sakafu ya mbao, paka amejikunyata kwenye kochi, na usisikie harufu yoyote. Ifike Desemba, mvua za kwanza zinyeshe, sebule ileile inanuka kana kwamba paka amekojoa asubuhi hiyo. Mwenye nyumba anamkimbiza paka wa watu na fagio, kumbe mkojo wenyewe ni wa Juni.

Wengi wetu tumeepuka shida hii kwa sababu tunakanyaga saruji au tailizi. Penye mbao, iwe ni vipande vya mninga vilivyobandikwa au mbao ndefu za kupigilia misumari, mambo ni mengine.

Mkojo wa paka ukiwa mbichi haunuki sana. Una maji, chumvi za aina mbalimbali na yurea. Bakteria huivunja yurea hiyo na kutoa amonia, ile inayochoma pua. Juu ya hapo paka ana kitu ambacho mbwa hana: felinini, asidi ya amino yenye salfa. Ikivunjika taratibu hutoa kemikali za salfa ambazo chembe kidogo tu inatosha kujaza chumba. Dume asiyehasiwa hutengeneza felinini nyingi kuliko jike, na ndiye pia mwenye tabia ya kurusha mkojo ukutani na kwenye miguu ya meza. Isitoshe, mkojo wa paka umekolea. Asili yake ni paka-mwitu wa nchi kame, jamaa wa kimburu, ambao figo zao zimezoea kubana maji hadi tone la mwisho.

Mbao nayo ina historia yake. Ilipokuwa mti ilijaa vijia vyembamba vya kupandishia maji, na vijia hivyo bado vipo. Kimiminika huingia kwa kasi zaidi kwenye ncha iliyokatwa kuliko ubavuni, na sakafu ya vipande vifupi ina ncha kila mahali. Kiangazi chetu huongeza tatizo: kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ni kavu, upepo haupumziki, mbao husinyaa na maungio yake huachana kiasi cha kupitisha ukucha. Mkojo ukimwagika wakati huo hauishii juu ya vanishi. Unateremka ufa kwa ufa hadi kwenye gundi na zege. Maji yake hukauka haraka, chumvi na mabaki mengine yanaganda humo ndani.

Hapo ndipo mvua inapoingia. Chumvi ya mezani huanza kulowa yenyewe pale unyevu wa hewa unapofika kama asilimia 75. Ndiyo maana kwenye kikopo cha jikoni inashikamana Januari na Agosti inamwagika kama mchanga. Chumvi za mkojo nazo hunyonya maji ya hewani namna hiyo. Zikilowa, bakteria wanapata maji na kurudi kazini. Wakati huohuo mvuke unapenya kwenye mbao na kuzibandua chembe za harufu zilizokuwa zimenata kwenye nyuzi zake, zinaruka hewani. Kwa hiyo anayepiga deki kwa ndoo nzima ya maji ili kuondoa harufu anajiletea masika ndani ya nyumba. Udi na ubani ni vizuri, lakini hapo unachopata ni mkojo wenye marashi.

Kwa mkojo mbichi, kinachohitajika zaidi ni wepesi. Weka kitambaa kikavu, kikanyage au kikandamize, badilisha kingine, usisugue. Kisha pitisha kitambaa chenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ukikamue vizuri kwanza, halafu kausha. Asidi ya siki huifunga amonia ikageuka chumvi isiyoruka hewani. Kemikali za salfa haizigusi, na watu wengi wanaishia hapo wakidhani kazi imekwisha.

Salfa inataka kitu cha kuibadili. Mwaka 1993 mkemia wa Marekani, Paul Krebaum, alitoa kwa umma mchanganyiko wa kuondoa harufu ya skanki, mnyama wa huko anayejihami kwa kunuka kama kicheche wetu: lita moja hivi ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, robo kikombe cha bekingi soda na kijiko cha chai cha sabuni ya maji. Oksijeni yake huigeuza salfa kuwa kitu kisichonuka. Haidrojeni peroksaidi hiyo ndiyo ya kusafishia vidonda, uliza duka la dawa. Changanya ya kutosha kazi ya siku hiyo tu, kwa sababu ikifungiwa kwenye chupa hutoa gesi na chupa inaweza kupasuka. Pia hupausha mbao, kwa hiyo jaribu kwanza chini ya kabati. Na usitumie magadi ya kulainishia maharage badala ya bekingi soda. Magadi ni makali zaidi na huharibu vanishi na rangi ya mbao.

Ukipata dawa yenye vimeng'enya, yaani protini zinazovunjavunja uchafu, ni nzuri pia, ila inafanya kazi ikiwa bado haijakauka. Funika kwa nailoni kwa saa kadhaa, wala usiitangulize siki au dawa ya kuua vijidudu, maana utaviua vimeng'enya vyenyewe. Jik usiiguse kabisa: klorini ikikutana na amonia hutoa gesi yenye sumu inayoumiza mapafu.

Madoa ya zamani yanahitaji fundi seremala, na hapa mvua zetu za msimu mmoja zinasaidia. Desemba hadi Aprili, harufu ikiwa juu, tafuta. Zima taa usiku na umulike kwa ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Mkojo uliokauka hung'aa kwa rangi ya njano iliyofifia. Baadhi ya sabuni na vanishi nazo hung'aa, kwa hiyo inama unuse kabla ya kuamini. Zungushia chaki, piga picha. Julai, mbao zikiwa kavu kabisa, fundi apige msasa mahali hapo na kupaka vanishi mpya, tabaka mbili au tatu, akihakikisha inaziba maungio. Ukipaka mbao zikiwa na unyevu, unaufungia humo humo.

Kipande kilichokuwa cheusi hadi ndani hakifai kuhangaikiwa na msasa. Weusi huo hutokea amonia inapokutana na tanini, kemikali za asili zilizomo kwenye mti, na unaweza kwenda kina kuliko msasa. King'olewe, zege la chini lisafishwe na kuachwa likauke kwa siku kadhaa, ndipo kipya kibandikwe. Na kama paka aliyekuwa msafi ameanza ghafla kukojoa ovyo, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla hujamwita fundi. Dume anayejikamua bila mkojo kutoka huenda njia imeziba, na huyo ni wa kupelekwa siku hiyohiyo.