Initramfs ni nini, na inahusikaje kompyuta ya Linux inapogoma kuwaka

Initramfs ni mfumo mdogo wa mafaili, uliobanwa ndani ya faili moja, ambao kerneli ya Linux huufungua katika RAM mara tu kompyuta inapoanza kuwaka, kabla diski yenyewe haijaweza kusomwa. Unahitajika kwa sababu kerneli, programu kuu inayosimamia prosesa, kumbukumbu na vifaa vyote, haibebi draiva, yaani programu ndogo za kuendesha kifaa, za kila aina ya diski. Nyingi huhifadhiwa kama moduli, yaani vipande vinavyopakiwa vinapohitajika, kwenye diski ile ile inayosubiri kufunguliwa, mithili ya ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba. Initramfs huja na moduli chache za lazima, huifikia diski, kisha huiachia kazi na kutoweka.

Kila toleo la kerneli lina initramfs yake. Katika Ubuntu na Debian, ambazo ni aina za Linux, mafaili haya mawili hukaa kwenye folda ya /boot, la kerneli likianza na vmlinuz na la initramfs na initrd.img, yote yakiwa na namba ile ile ya toleo. Wakati wa kusasisha, kerneli mpya huwekwa kwanza, na initramfs hutengenezwa baadaye. Umeme ukikatika katikati ya hatua hizo, jambo ambalo mwenye steshenari ya Mwanjelwa, Mbeya, au Kihesa, Iringa, asiye na UPS (betri ya akiba ya kompyuta) hahitaji kuelezwa, au nafasi ya /boot ikijaa, kerneli hubaki peke yake. Ukiwasha mashine, skrini husimama kwenye maneno «Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)».

Wengi hapo huamini kwamba diski imekufa, na fundi mwenye haraka hushauri mashine ipigwe Windows. Ushauri huo ni mbaya, kwa kuwa sifuri hizo mbili zinaonyesha tu kwamba kerneli haikutambua kifaa cha kusoma. Kazi za wateja kwa kawaida zipo palepale.

Kerneli ya zamani kwa kawaida haifutwi papo hapo. Washa mashine huku ukishikilia Shift, au ukibonyeza Esc kwenye mashine za UEFI (mfumo mpya wa kuwashia kompyuta uliochukua nafasi ya BIOS), ili menyu ya GRUB, programu inayochagua kerneli ya kuwasha, itokee. Ingia «Advanced options», uchague toleo lenye namba ya chini. Ikiwaka, amri ya uname -r itathibitisha toleo linalotumika, na df -h /boot itaonyesha nafasi iliyobaki. Kamilisha usakinishaji uliokatika kwa sudo dpkg --configure -a, kisha utengeneze faili lililokosekana kwa sudo update-initramfs -c -k ikifuatwa na namba kamili ya kerneli mpya, na umalizie na sudo update-grub. Fedora, aina nyingine ya Linux, hutumia amri ya dracut kutengeneza initramfs.

Si kila kugoma kunatokana na initramfs kukosekana. Skrini ikibaki nyeusi baada ya mashine kuendelea kuwaka, chunguza kwanza draiva ya kadi ya picha, hasa ya NVIDIA, ambayo moduli yake hujengwa upya kwa kila kerneli. Na ikikuachia mstari wa amri ulioandikwa initramfs, basi faili hilo lipo na limefunguka, ila limeshindwa kuipata au kuifungua diski. Andika exit, na mara nyingi litataja sehemu ya diski inayohitaji kukaguliwa kwa fsck, amri ya kukagua na kurekebisha mfumo wa mafaili.