1,889,773 ni namba ya aina gani?

Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, Unguja na Pemba pamoja. Wanaopanga skuli na maji wana yao ya kufanya na idadi hiyo. Hapa tuitazame kama namba tupu, tujue inagawika kwa ngapi.

Inaishia na 3, kwa hiyo ni witiri, na 5 haiigawi. Tarakimu zake ukizijumlisha unapata 43, isiyogawika kwa 3, basi namba nzima nayo haigawiki kwa 3. Ukiwagawa watu hao sawasawa kwa mikoa yetu 5, wanabaki 3. Kwa wilaya 11, wanabaki 6.

Mtu akifika hapa huanza kudhani ni namba tasa, yaani namba inayozidi 1 na isiyogawika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kuhakikisha hakutaki kujaribu kila namba. Zinatosha namba tasa peke yake, maana 2 ikishindwa, 4 na 6 zimeshashindwa. Tena hakuna haja ya kuvuka 1,374: vigawo huja viwili viwili, na kilicho kidogo hakiwezi kuzidi kipeuo cha pili cha namba yenyewe, ambacho hapa hakifiki 1,375.

Namba tasa 51 za mwanzo zote zinabakisha. Inaudhi hasa kwa 23, 41 na 167, kila moja inabakisha 1 tu. Ya 52, yaani 239, ndiyo inayoingia bila baki:

239 × 7,907 = 1,889,773

Na 7,907 nayo ni tasa. Basi vigawo vyote ni vinne: 1, 239, 7,907 na namba yenyewe. Ukitaka kuwapanga watu wote hao kwa safu zilizo sawa, ukiacha ule mstari mmoja mrefu, ni safu 239 za watu 7,907, au kinyume chake. Sasa mtoe mtu mmoja tu. 1,889,772 ni 2 × 2 × 3 × 23 × 41 × 167, nayo ina vigawo 48! Ukubwa ni ule ule, tabia mbali kabisa.

Kuzidisha 239 kwa 7,907 ni kazi ya dakika kwa kalamu. Kuanzia kwenye jibu na kurudi nyuma ndiko kunakochosha. Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, huko Marekani, waliigeuza tabu hiyo kuwa njia ya kulinda ujumbe, iitwayo RSA: namba kubwa inatangazwa kwa kila mtu, ila tasa mbili zilizoizaa zinabaki siri. Ya kwetu ina tarakimu 7, na simu ya mkononi inaichambua papo hapo. Ufunguo wa RSA wa biti 2,048, yaani namba ya siri hiyo ikiandikwa kwa 0 na 1 tupu inachukua nafasi 2,048, hutumia namba ya tarakimu 617 za kawaida.