"Hatari, Mbwa Mkali": tunayoaminishana mjini kuhusu kufuga mbwa

Mtaani kwetu Kimara kuna geti jekundu lenye maandishi meupe: HATARI MBWA MKALI. Mbwa mwenyewe anaitwa Simba. Asubuhi nyingi namkuta nje ya geti hilo, kajilaza chini ya meza ya mama wa chapati, mkia unafagia vumbi. Geti halina komeo. Limezuiwa kwa tofali, na Simba alishajua siku nyingi kulisukuma kwa pua. Ukimwambia mwenye nyumba, anakunyooshea kidole kwenye yale maandishi: "Si nimeandika?"

Dar es Salaam hii watu wanafuga mbwa wengi na wanaaminishana mengi juu yao. Mimi nina mmoja, Bobi, wa kienyeji, masikio moja juu moja chini, na karibu kila dhana nitakayoitaja hapa nimewahi kuambiwa kwa uhakika kabisa na mtu mzima mwenye akili zake. Mbili tatu niliziamini.

"Nikishaandika mbwa mkali, lawama si yangu"

Bandiko ni onyo kwa mgeni anayetaka kuingia. Mbwa akishatoka barabarani, mtoto wa darasa la pili anayepita na chapati mkononi hana bandiko la kusoma. Tena sheria yetu ya madai imerithi mengi ya Waingereza, na mbwa anapouma mtu, swali mojawapo la zamani mahakamani ni hili: mwenye mbwa alijua kwamba mbwa wake ana tabia hiyo? Sasa mtu aliyeajiri fundi rangi aandike MKALI kwa herufi za kusomeka toka barabarani, ataanzia wapi kusema hakujua?

"Mfunge mchana kutwa, usiku atakuwa moto"

Hii ndiyo imani kuu ya mjini, na ndugu zake ni wengi: mpe pilipili, mpe nyama mbichi, mlishe nyigu, mchanganyie baruti, mvutishe au mlishe bangi. Lengo ni moja, mbwa awe mkali.

Ni kweli mbwa anayefungwa mnyororo mfupi kuanzia asubuhi hadi usiku huwa mkali. Lakini ukali huo unatokana na woga. Mbwa akitishwa ana njia mbili, kukimbia au kuuma. Mnyororo umemwondolea ya kwanza. Kwa hiyo anarukia chochote kinachosogea: mwizi, fundi bomba, shangazi aliyekuja toka Morogoro, mtoto wako mwenyewe aliyefuata mpira. Hajui kuchagua kwa sababu hakufundishwa kuchagua.

Kuchagua hufundishwa mapema. Wiki ya 3 hadi kama ya 12 au ya 14 ndipo mtoto wa mbwa anapojifunza kipi cha kawaida duniani: watu wa kila umri, baiskeli, honi ya bodaboda, mwavuli, mtu mwenye kofia ya helmeti. Mbwa aliyeyaona hayo utotoni akiwa ametulia hana haja ya kubweka kila kinachopita, na akibweka saa nane usiku unajua kuna jambo. Yule anayebweka mchana kutwa, nani humwamkia usiku? Majirani wameshamzoea kama jenereta.

Pilipili inamchoma tumbo tu. Bangi ndiyo kichekesho chenyewe, maana mbwa aliyeila huyumba, hujikojolea, joto la mwili hushuka, na mara nyingi hulala. Mwizi angependa sana mlinzi wa namna hiyo. Kutesa mnyama namna hii pia ni kosa; Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008, na humo mwenye mnyama ndiye anayebebeshwa wajibu wa chakula, maji, mahali pa kukaa na matibabu yake.

"Kichaa cha mbwa? Wangu mzima kabisa"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapokufa.

Shirika la Afya Duniani hukadiria vifo vya watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani kwa kichaa cha mbwa, wengi Afrika na Asia. Katika kila wagonjwa 100, 99 wameambukizwa na mbwa. Na katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, tiba hakuna. Anayepona ni wa kuhesabiwa kwa vidole.

Picha tuliyonayo kichwani ni ya mbwa anayekimbia hovyo, mate yanachuruzika, macho mekundu. Yupo wa hivyo. Lakini yupo pia wa kimya. Huyu hujificha chini ya gari au uvunguni, hataki mwanga, sauti yake imebadilika, taya limelegea, chakula kinamdondoka. Mwenyewe anasema, "Kakwamwa na mfupa," anampanua mdomo na kuingiza mkono kutafuta mfupa usiokuwepo. Hakuumwa, hakukwaruzwa kwa jino, ila kidole kilikuwa na kidonda cha kisu cha juzi. Mate yale yametosha. Ukiona mbwa ambaye jana alikuwa mpole leo hawezi kufunga mdomo, mfungie mahali, usimguse, mwite mtaalamu wa mifugo.

Watoto wa mbwa nao huambukizwa, ingawa wengi huamini kichaa ni cha mbwa wakubwa. Kibaya zaidi, mate ya mbwa huanza kubeba virusi siku chache kabla hajaonyesha dalili yoyote. Ndiyo maana mbwa aliyeuma mtu hupaswa kufungiwa na kuangaliwa siku 10. Akiwa bado hai na mzima siku ya 10, basi siku aliyouma hakuwa na virusi kwenye mate. Ukimuua papo hapo kwa hasira na kumtupa, umeharibu ushahidi wote. Na aliyeumwa asisubiri hizo siku ziishe ndipo aende hospitali. Anaanza chanjo, mbwa akionekana mzima, daktari ataamua kama aendelee.

Bibi yangu alikuwa akisugua pilipili kwenye jeraha la mbwa. Wengine hupaka mafuta ya taa, majivu, dawa ya meno, au hubandika jiwe la nyoka. Yote hayo yanachoma nyama na kumpotezea mtu muda. Kinachosaidia ni maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 nzima, ukitazama saa. Ni ndefu ukiwa umesimama bombani na mtoto analia, lakini sabuni huvunja ganda la virusi hao, kwa hiyo hata ile ya kufulia inafaa. Kisha hospitali siku hiyohiyo. Kwa kawaida ugonjwa hujitokeza baada ya miezi miwili mitatu, wakati mwingine wiki moja, wakati mwingine mwaka. Jeraha litakuwa limepona na kusahaulika.

Na zile sindano za tumboni? Zilikuwepo kweli, kumi na kitu, kuzunguka kitovu, na hofu yake imerithishwa hadi kwa vijana ambao hawajawahi kumwona mtu aliyezichomwa. Chanjo ya siku hizi ni dozi chache za mkononi kwa ratiba ya siku maalumu. Jino likiwa limetoboa ngozi unaongezewa dawa nyingine ya kinga pale pale kwenye jeraha. Usipomaliza ratiba umechezea maisha.

Mbwa mwenyewe huchanjwa akifika umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kadiri daktari wa mifugo anavyopanga, kwa kawaida kila mwaka. Ukipata kadi, iweke pamoja na vyeti vya watoto. Karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mara nyingi chanjo hutolewa bure au kwa bei ya chini, na tangazo hupitia kwa mwenyekiti wa mtaa. Ni tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, miaka 10 baada ya yeye kumchanja mtoto wa kwanza aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa.

"Waue koko wote, tutapumua"

Kila mtu akiumwa mtaani, kauli hii hurudi. Tatizo la kwanza, wengi tunaowaita koko wana kwao. Ni akina Simba. Wanakula kwa mtu, wanalala kwa mtu, wanashinda kwa watu. Tatizo la pili, mbwa rahisi kumkamata au kumtegea sumu ni yule mpole anayesogelea watu, na mara nyingi huyo ndiye aliyechanjwa. Ukimwondoa, nafasi yake na majalala yake vinabaki pale pale. Wenye nyumba wanachukua watoto wapya, ambao hawajachanjwa, na unaanza upya.

Kinachokata mnyororo wa kichaa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo zima na kurudia. Hatuhitaji mfano wa Ulaya kwa hili. Pemba walichanja mbwa hadi kichaa kikatoweka mwaka 2014. Mwaka 2016 kikaingizwa tena toka nje ya kisiwa, wakaongeza chanjo, na kufikia 2018 kikawa kimekatika tena. Kisiwa kina faida ya bahari, sawa. Dar haina bahari pande zote, lakini hesabu ya chanjo ni ileile.

"Jike lazima azae kwanza, na dume ukimhasi anakuwa mlegevu"

Jike hana haja ya kuzaa ndipo afungwe kizazi. Kinyume chake, akifanyiwa upasuaji mapema hatari ya kansa ya matiti hupungua. Na dume halindi nyumba kwa korodani. Analinda kwa sababu pale ni kwake. Anachopunguza akihasiwa ni kuruka ukuta kufuata jike mwenye joto mtaa wa tatu, kupigana usiku, na kurudi na mguu uliogongwa na daladala.

Jike hubeba mimba siku kama 63 na huweza kuingia joto mara mbili kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe ya watoto sita kwa uzao, halafu kumbuka ni majirani wangapi waliokuahidi kuchukua na siku ilipofika simu zao hazikupatikana. Niliwahi kupita asubuhi kando ya mfereji nikasikia kiroba cha unga kinalia. Sitaki kueleza zaidi.

Kuna jingine lisilosemwa barazani: mbwa wanaozurura huambukizana uvimbe wa sehemu za siri kwa kupandana, kansa inayohama toka mbwa mmoja hadi mwingine. Ukiona Simba wako anadondosha damu nyuma, si "kaumia." Mpeleke. Inatibika, na ukiwahi ni rahisi zaidi.

"Unga uliovunda mpikie mbwa"

Mahindi yaliyoota ukungu hubeba sumukuvu, ile iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Ini la mbwa haliivumilii kabisa, na moto wa jikoni hauiondoi. Ugali wa unga mzuri na dagaa ni chakula, ugali mtupu miezi na miezi ni njaa ya taratibu. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, hivyo usimpe. Vitunguu na chokoleti pia hapana.

Oili chafu ya gari kwa ukurutu? Manyoya yananyonyoka, ngozi inaungua, na mbwa atajilamba mpaka ameze. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo ina vipimo vyake. Usimimine kwa kukadiria juu ya mnyama wa kilo 15.

"Kinyesi cha mbwa ni mbolea"

Kina mayai ya minyoo. Mabuu ya safura ya mbwa hupenya ngozi ya mtu na kutembea chini yake, yakiacha mstari mwekundu unaowasha kama ramani ya mto. Wanaopenda kukaa mchangani ufukweni pekupeku wanaifahamu. Tembea na kitu cha kuzolea, basi.

"Mwislamu hafugi mbwa"

Nimeiacha mwisho kwa sababu katika mitaa yetu ndiyo inayoleta maneno mengi. Kurani yenyewe, katika Sura ya Maida, inaruhusu kula windo la wanyama waliofundishwa kuwinda, na katika Sura ya Kahf, Watu wa Pangoni, wale vijana waumini waliolala pangoni miaka mingi, wana mbwa wao kizingitini. Hadithi zinaruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wanazuoni wengi wamepima ulinzi wa nyumba kwa mizani hiyo. Kinachokatazwa ni kumfuga bila haja. Kwa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani yetu, mbwa ni najisi. Unyevu wake ukigusa nguo au chombo, huoshwa mara saba, moja kwa udongo.

Sasa tafsiri hiyo kwa lugha ya jirani. Mbwa wako aliyelowa umande akimsugua mtu mwenye kanzu anayekwenda msikitini, kwako ni mapenzi ya mbwa, kwake ni kurudi nyumbani na kukosa sala ya jamaa. Bobi aliwahi kumfanyia hivyo Mzee wa nyumba ya kona, kosa likiwa langu, kamba niliiacha nyumbani. Mzee hakufoka. Alinitazama, akatazama kanzu, akageuka kurudi kwake taratibu.

Siku hizi nikimwona anashuka alfajiri nafupisha kamba, Bobi anakaa chini, tunangoja. Namwambia "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, mwanangu." Bobi hasalimiwi.